Damu ya Ziwani na Damu ya Milimani

Mwaka 1949 msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford ulifika Kenya kuuchunguza Mlima Kenya. Wenzake wakikusanya mimea na wadudu, Anthony Allison, kijana aliyelelewa Kenya na aliyekuwa akisomea udaktari, alikusanya damu za watu. Pamoja na makundi ya damu aliangalia jambo moja zaidi: ni nani ana chembe nyekundu zinazojikunja kama mundu zikikosa oksijeni.

Majibu yalimshangaza. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, watu zaidi ya 20 katika kila 100 walikuwa na jeni ya selimundu. Kwenye nyanda za juu hakufika hata mmoja katika 100.

Mtoto akirithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama pia, huugua selimundu, na enzi hizo wengi walikufa wangali wadogo. Sasa, Charles Darwin alikuwa ameshaeleza mwaka 1859 kwamba viumbe hutofautiana, kwamba tofauti nyingi hurithiwa, na kwamba wenye tofauti inayowafaa pale walipo ndio huacha uzao mwingi. Kwa hesabu hiyo, jeni inayoua watoto ilipaswa kufifia kizazi baada ya kizazi. Mbona ziwani ilikuwa imeshamiri?

Allison akaona kwamba palipojaa jeni hiyo ndipo palipojaa malaria. Lakini ramani haithibitishi kitu. Alirudi mwaka 1953, akawaambukiza malaria wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea, kisha akawatibu. Kati ya 15 wasiokuwa na jeni hiyo, 14 walishikwa na malaria. Kati ya 15 walioirithi kwa mzazi mmoja, walishikwa 2 tu. Leo jaribio la namna hiyo lisingepita kwenye kamati ya maadili, na ni sawa lisipite. Huko Uganda, karibu na Kampala, alipima damu za watoto 290 na kukuta walio na jeni moja hawaonekani na vimelea mara nyingi kama wenzao. Alichapisha matokeo mwaka 1954.

Basi mbu na selimundu walikuwa wakivutana. Watoto wasio na jeni hiyo waliuawa zaidi na malaria, wenye jeni mbili wakamalizwa na ugonjwa wao, na wa katikati ndio waliokua kwa wingi, wakazaa, wakairithisha. Ndiyo maana usemi kwamba mwenye nguvu ndiye hubaki haunikai vizuri. Jeni ileile ni kinga Kisumu, kando ya ziwa, na kule juu kwenye baridi ni hasara tupu.

Hata nje ya Afrika mambo ni hayo hayo. Marekani iliitokomeza malaria mwaka 1951, lakini miongoni mwa Wamarekani Weusi, ambao mababu zao walipelekwa huko utumwani, karibu mtoto mmoja katika kila 13 bado huzaliwa na jeni hiyo, na hakuna tena malaria ya kumkinga nayo.