Christopher Ironside, Mchoraji wa Sungura wa Thumuni

Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango yake Juni 14, 1966, na shilingi ya Afrika Mashariki ikaanza kuipisha shilingi ya taifa jipya. Sarafu zake zilikuwa nne. Zote zilibeba kichwa cha Mwalimu Nyerere upande mmoja. Upande wa pili, shilingi ilikuwa na mkono ulioshika mwenge, thumuni ilikuwa na sungura, senti ishirini mbuni, na senti tano samaki aina ya sulisuli. Hata asiyejua kusoma aliweza kuhesabu chenji yake kwa kutazama wanyama.

Wengi walizitumia sarafu hizo bila kulisikia jina la aliyezichora, Christopher Ironside. Mwingereza huyo, aliyezaliwa mwaka 1913, alikuwa mchoraji wa picha na mwalimu katika Royal College of Art, London. Pamoja na kaka yake Robin alibuni pia mandhari na mavazi ya jukwaani, yakiwemo ya baleti *Sylvia* iliyochezwa Covent Garden mwaka 1952.

Sarafu ni kazi ngumu kwa mtu aliyezoea jukwaa. Haina rangi, picha yote hutegemea mwinuko mdogo wa madini na namna mwanga unavyoupiga. Msanii huchonga umbo kubwa kwenye plasta, kisha mashine hulifuatisha na kulipunguza hadi kwenye muhuri wa chuma wa kugongea. Unyoya mmoja uliozidi hupotea njiani. Ndiyo maana sungura yule anastahili sifa: mistari michache, na bado humfananishi na mnyama mwingine.

Mtihani mkubwa wa Ironside ulikuwa nyumbani. Tangu mwaka 1962 alichora kwa siri sarafu za Uingereza, nchi hiyo ilipokuwa ikifikiria kuachana na hesabu ya peni kumi na mbili kwa shilingi na kuhamia kwenye mfumo wa desimali. Mpango ulipotangazwa hadharani mwaka 1966, wasanii wote walikaribishwa kushindana. Kazi ya miaka ikawekwa kando, na Ironside akalazimika kuanza upya, safari hii kama mshindani mmoja kati ya wengi.

Akashinda. Simba mwenye taji wa peni kumi, mbaruti wa peni tano, lango la minyororo la peni moja: yote ni yake. Kwa peni hamsini ya pembe saba, iliyotoka Oktoba 1969, alimchora Britannia, mwanamke anayeiwakilisha Uingereza, na aliyemkalia kama kielelezo alikuwa mkewe, Jean. Februari 15, 1971, Uingereza ilihamia rasmi kwenye mfumo huo, na picha zake zikaingia katika kila mfuko na kila droo ya duka.

Alibuni pia sarafu za Brunei, za Jamaika, na zile za Qatar na Dubai za mwaka 1966 zenye swala. Kuchorea taifa jingine kunadai unyenyekevu, na kwa Tanzania Ironside alikuwa nao: hakuna alama ya dola ya Kiingereza katika sarafu zile, bali mwenge, kiongozi na viumbe wa nchi yenyewe.

Alifariki Julai 1992. Kupanda kwa bei kuliziondoa senti za Tanzania sokoni, lakini Uingereza iliendelea kugonga michoro yake hadi mwaka 2008, ilipoanza kutumia ile ya kijana Matthew Dent.