Patasi mpya, matayarisho ya

Patasi inayotoka dukani haijawa tayari kukata. Kiwandani huchongwa kwa mashine hadi mwinamo wa takriban nyuzi 25, kisha hupakwa mafuta au vanishi kuzuia kutu. Mafuta hufutwa kwa kitambaa. Vanishi huhitaji thina.

Kazi kubwa iko mgongoni, yaani upande bapa usio na mwinamo, ambao wengi huusahau. Makali ni pale nyuso mbili zinapokutana, hivyo mikwaruzo ya mashine ikibaki mgongoni, makali hubaki na meno hata mwinamo ukinolewa vipi. Mgongo hulazwa juu ya kinoo kilichonyooka na kusuguliwa mpaka sentimita 2 au 3 za karibu na makali zing'ae sawasawa. Kuung'arisha wote ni kupoteza muda.

Mwinamo hunolewa kwa nyuzi 30 hivi, mpaka kidole kihisi ukingo mwembamba wa chuma uliojikunja upande wa mgongoni. Nao huondolewa kwa kuulaza tena mgongo kwenye kinoo. Kwenye kinoo cha umeme patasi ipozwe kwa maji mara kwa mara, kwani chuma kikigeuka buluu kimepoteza ugumu wake. Kisu cha randa hutayarishwa vivyo hivyo.