Bakuli la Longquan, Mfano wa Shekou

Ukitoka mjini Bagamoyo kwenda Mlingotini kwa njia ya pwani, utapita Kaole, na wageni wengi huishia hapo. Misikiti miwili ya mawe ya matumbawe, mkongwe zaidi ukidhaniwa kuwa wa karne ya 13, imezungukwa na makaburi, mengine yenye minara. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba hapa mwaka 1958. Katika minara hiyo waashi walipachika mabakuli ya kauri ya China. Leo kilichobaki zaidi ni mashimo yake.

Kauri ya kijani iliyotamba pwani yetu zama hizo ilifinyangwa kwa wingi Longquan, milimani Zhejiang, kusini mwa China. Iliteremshwa kwa mto hadi baharini, ikapakiwa katika bandari kama Quanzhou, ikapita mikononi mwa wafanyabiashara wa India na Ghuba, kisha kaskazi ikaileta kwetu. Hapakuhitajika Mchina hata mmoja kutia mguu Kaole.

Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, baadaye alisimulia safari zake huko kusini mwa China: Quanzhou, aliyoiita Zaitun, na miji aliyoifikia kwa mashua za mtoni. Alisifu usalama wa njia. Msafiri akilala, jina lake huandikwa usiku. Asubuhi huitwa tena kuhakikisha yupo. Alisema pia kwamba kauri ya huko husafiri hadi India na mpaka kwao Maghreb. Wapo wanahistoria wanaoshuku kama kweli alifika kote alikokutaja, lakini kwa habari ya kauri, makaburi ya Kaole yanamtetea.

Mikoko ilisonga mbele ya Kaole, na kufikia mwishoni mwa karne ya 18 biashara ilikuwa imehamia Bagamoyo.

Mlingotini hakuna magofu ya kutazama. Maji yakipwa, wanawake hushuka kufunga mbegu za mwani kwenye kamba zilizowambwa kati ya vigingi. Jirani ni Mbegani, na ndiko China ya kusini ilikokaribia kuja mara ya pili. Machi 2013, Rais Xi Jinping wa China alipozuru Tanzania, ulisainiwa mkataba wa awali wa bandari kubwa. Mjenzi angekuwa China Merchants, kampuni iliyoanzisha eneo la viwanda la Shekou, Shenzhen, mwaka 1979, na Shekou ndiyo iliyotolewa kama mfano. Wakazi wa Pande na Mlingotini wakaingia katika hesabu za fidia. Oktoba 2015 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi. Mwaka 2019 Rais Magufuli akasema masharti ya mradi huo angeyakubali mwendawazimu tu. Mwaka 2021 Rais Samia akatangaza kufufua mazungumzo.

Shekou nayo ilikuwa pwani ya wavuvi. Katika sifa zote ilizomwagiwa, sijaona aliyeeleza wavuvi wale walihamia wapi. Kwa mtu wa Mlingotini, ningeanzia hapo.