Mbooni na Matuta Yake: Habari za Watu wa Milimani

Kurasa zilizotangulia zimeeleza fedha zilizoingia na fedha zilizotoka. Lakini uko urithi mwingine usioandikwa katika daftari la mweka hazina, nao ni udongo wa milima yetu. Vijana waliozaliwa mijini, wanapokuja Mbooni wakati wa Krismasi, huyatazama matuta yaliyozunguka vilima kana kwamba yaliumbwa pamoja na mawe. Sivyo. Yalichimbwa kwa jembe na sururu, nayo yana historia, na baadhi ya historia hiyo ni chungu.

Wazee husimulia ya kuwa Wakamba walitoka upande wa Kilimanjaro, wakapita Chyulu, wakafika Nzaui, kisha wakapanda Mbooni. Jina la Mbooni hutokana na nyati waliokuwa wakiishi huko. Watu wa elimu ya historia hukadiria kuwa jambo hilo lilitukia katika karne ya 17. Mbooni palikuwa na vitu viwili ambavyo nchi ya chini haikuwa navyo, yaani mvua ya kutegemewa na chemchemi zisizokauka upesi. Basi watu wakaongezeka, na mashamba yakabana. Wengine wakahamia Kilungu na Iveti, na katika karne ya 18 wengine wakavuka mto Athi wakaifanya nchi ya Kitui kuwa makao yao. Kwa hiyo mtu wa Kitui akitajiwa Mbooni, ametajiwa nyumba ya babu zake.

Maisha ya kijiji cha mlimani yalikuwa na mpango wake. Watu wa utui mmoja walijuana kwa ukoo na kwa mipaka ya mashamba. Mabondeni walipanda miwa, ndizi na viazi. Miteremkoni mtama, mawele, kunde na mbaazi, na baadaye mahindi. Ng'ombe wengi hawakukaa mlimani, bali vijana waliwapeleka katika syengo, yaani kambi za mifugo za nchi ya chini. Mambo ya mashauri yaliamuliwa na wazee wa nzama. Kazi iliyomshinda mtu mmoja, kama kujenga nyumba au kulima shamba kubwa, iliitiwa mwethya: majirani walikuja na majembe yao, na mwenye kazi aliwapa chakula. Neno hilo mwethya tulishike, kwa maana tutalirudia.

Mvua zilipokosa, watu walikwenda kuthuua, yaani walisafiri hadi nchi yenye chakula wakabadilishana kwa mbuzi au kwa kazi ya mikono. Lakini njaa nyingine zilishinda hata njia hiyo. Mwishoni mwa karne ya 19, baada ya tauni ya ng'ombe kuua mifugo mingi, ilikuja njaa iliyoitwa Ngomanisye, kwa kuwa haikuacha mahali. Ndiyo miaka ile ile reli ilipopita Ukambani, ikafika Nairobi mwaka 1899.

Serikali ya kikoloni ilipoweka mipaka ya Rizavu, Wakamba walizuiwa kutumia malisho waliyoyazoea, hasa upande wa Yatta, na ardhi ya vilima vya Mua ikatwaliwa na walowezi. Watu na mifugo wakabanwa mahali pamoja. Nyasi zikaisha, na mvua ikawa adui, kwa kuwa ilichukua udongo mwekundu na kuacha makorongo. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa Serikali waliandika ripoti wakisema kwamba nchi inakufa. Ripoti hizo ziliona jeraha sawasawa, lakini hazikutaja vya kutosha kisu kilicholitia.

Dawa iliyoletwa ikawa kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 ng'ombe walikamatwa na kunadiwa, na kiwanda cha nyama kikafunguliwa Athi River. Muindi Mbingu na wenzake wakaunda Ukamba Members Association, na mwezi wa Julai maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake na watoto, wakaenda Nairobi wakakaa huko kwa majuma kadhaa wakimtaka Gavana awasikilize. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu. Hata hivyo Serikali ililegeza amri yake. Watu wetu walijifunza kuwa umoja una nguvu. Na pia, kwa bahati mbaya, jina la kuhifadhi udongo likanuka puani mwao. Aliyechimba mtaro aliambiwa anawachimbia Wazungu njia ya kuja kuitwaa ardhi.

Baada ya Vita vya Pili kazi ya matuta ilirudi kwa amri, siku za juma zikapangwa, na asiyefika alitozwa faini. Kazi hiyo haikupendwa. Lakini katika miaka ya 1950 jambo jipya lilitokea: kazi ya matuta ilitiwa katika mwethya. Watu walichagua wenyewe wenzao wa kundi na viongozi wao, wakachimba shamba la huyu leo na la yule kesho, wakiimba. Walio wengi walikuwa wanawake, maana waume zao walikuwa kazini Nairobi na Mombasa, au katika jeshi na polisi. Ndipo ikaenea namna ya kutupa udongo upande wa juu wa mtaro, ambayo hata leo huitwa fanya juu. Kazi yake ni ngumu kuliko kutupa chini, lakini ukingo hushika udongo na maji, na mwaka kwa mwaka shamba hujisawazisha lenyewe.

Wako wanaosema kuwa matuta ni zawadi ya mabwana shamba. Wengine husema ni ya mama zetu peke yao. Mimi naona kila upande umeshika kipande. Maarifa mengine yaliletwa, na amri ilikuwapo. Lakini amri ile ile haikufaulu mwaka 1938. Kilichobadilika ni kwamba mkulima alipata sababu yake mwenyewe. Katika miaka ya 1950 Waafrika wa Machakos waliruhusiwa kupanda kahawa, na mboga na matunda vikapata soko Nairobi. Shamba lenye tuta likaleta karo ya shule.

Matokeo yake yalijulikana duniani. Wilaya ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa ndani yake hadi mwaka 1992, ilikuwa na watu wapatao 240,000 mwaka 1932; mwaka 1989 walikaribia 1,400,000. Hata hivyo wataalamu Tiffen, Mortimore na Gichuki walipotoa kitabu chao mwaka 1994, walionyesha kuwa watu waliongezeka na mmomonyoko ukapungua. Nchi iliyoambiwa inakufa ilikuwa hai.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Njaa haikukoma: mwaka 1961 chakula kiliangushwa kwa ndege, na watu wakaiita Yua ya Ndeke. Kule Kitui, ambako mvua ni haba zaidi, tuta peke yake halitoshi pasipo bwawa la mchanga mtoni. Huko Mbooni mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu hadi yamekuwa vipande, na kazi ya kupanda mlima na mtungi wa maji bado ni ya mama na punda. Tena tuta halidumu lenyewe. Ukingo ukibomoka mahali pamoja, mvua moja kubwa huvunja na la jirani aliye chini. Mzee aliyebaki peke yake nyumbani, watoto wake wote wakiwa mjini, hawezi kulizibua.

Kwa sababu hiyo natoa shauri hili lizungumzwe katika mkutano mkuu. Chama chetu husafirisha maiti nyumbani kwa heshima, na jambo hilo ni jema. Lakini mwanachama anayerudishwa azikwe katika shamba ambalo hakulitia jembe kwa miaka thelathini amechelewa. Kila tawi litenge siku mbili za kiangazi, kabla ya mvua za Oktoba, wanachama waende na majembe yao wakazibue mitaro ya wazee na wajane waliotajwa na kijiji chenyewe. Fedha ya nauli itolewe na mfuko wa tawi, na majina ya waliofika yaandikwe katika ripoti ya mwaka ujao, kama yanavyoandikwa ya waliolipa ada.