Usiku Haulipwi kwa Asilimia Tano

Njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea hupitia kituo cha kupoza umeme cha Madaba. Kituo cha namna hiyo hakifungwi jioni. Wodi ya wazazi nayo haifungwi, wala barabara ya Njombe–Songea. Saa kumi alfajiri, Madaba ikiwa imejikunyata kwa baridi, lazima awepo mtu aliye macho kazini.

Saa kumi ndiyo saa mbaya. Joto la mwili limeshuka, homoni ya melatonini bado ni nyingi na umakini umepungua. Chanzo chake ni saa ya mwili: kundi la seli zipatazo 20,000 ubongoni, ambalo hujirekebisha kwa mwanga unaopita machoni. Watafiti Hall, Rosbash na Young walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli.

Mswahili huanza kuhesabu saa kwa jua, na mwili wake hali kadhalika. Mfanyakazi wa zamu ya usiku huenda kinyume cha vyote viwili.

Tumchukue muuguzi anayetoka zamu saa moja unusu asubuhi. Jua linalompiga usoni njiani linauambia ubongo kwamba siku imeanza. Akifika nyumbani, bati limeshaanza kushika moto, mashine ya kusaga inanguruma, na jirani anabisha hodi. Si uungwana kumwambia arudi jioni. Anapata usingizi wa vipande. Usiku unaofuata anakula ugali saa ambayo insulini haifanyi kazi vizuri. Miaka ikipita, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo huongezeka. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, mwaka 2007 na tena 2019, liliiweka kazi ya usiku katika kundi la mambo ambayo yaelekea husababisha saratani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inautambua usiku kuwa ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na inadai nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya ujira. Nyongeza hiyo ni haki, lakini haiupi mwili usingizi uliopotea. Tena humshawishi mwenye mshahara mdogo kuomba usiku zaidi.

Dawa yake ni ratiba bora. Wapo watakaosema watumishi ni wachache. Ni kweli, ila kupanga ratiba upya hakuhitaji ajira mpya. Zamu zisonge mbele, asubuhi kisha mchana kisha usiku. Zamu za usiku za mfululizo zisizidi tatu. Na mapumziko ya saa 12 kati ya zamu, ambayo sheria hiyohiyo inayataka, yaheshimiwe. Waganga wafawidhi na wakuu wa vituo wanaweza kuanza na ratiba ya mwezi ujao, bila kusubiri bajeti.