Jina la Mkonge wa Oldupai

Msafiri atokaye Karatu, akiisha kupita lango la Lodoare na kuuzunguka ukingo wa Ngorongoro, huteremkia upande wa magharibi hadi nchi kavu ielekeayo Serengeti, na huko hulikuta korongo lenye urefu wa kilomita zipatazo 48, ambalo vitabu vya Kiingereza huliita Olduvai. Ilhali Wamaasai, wenyeji wa huko, husema oldupai, nao huukusudia mkonge wa porini wenye majani marefu yaliyochongoka, uotao tele kingoni na utoao nyuzi za kusokotea kamba.

Yasimuliwa ya kuwa mwaka 1911 tabibu wa Kijerumani, Wilhelm Kattwinkel, aliyeshughulika na kukusanya wadudu, aliuliza jina la mahali akajibiwa jina la mmea, akaliandika kwa kadiri sikio lake lilivyolipokea. Wajerumani wenziwe, akiwamo Hans Reck aliyekuja kuchimba mwaka 1913, waliandika Oldoway, kwa maana herufi w katika lugha yao husomwa v. Waingereza walipoitwaa nchi wakaisahihisha herufi hiyo katika jina la korongo. Lakini mawe yaliyochongwa na viumbe wa kale, ambayo Louis Leakey aliyachunguza humo tangu 1931, yalipata jina lililotokana na umbo lile la Kijerumani, yakaitwa Oldowan. Na ajabu ni kwamba zana za namna hiyo zilizopatikana Gona, katika Uhabeshi, zenye umri wa miaka milioni 2.6, ni kongwe kuliko za hapa, na bado huitwa kwa jina la mkonge wa Kimaasai.

Tarehe 17 Julai 1959, mwaka ule ule ilipoanzishwa Hifadhi ya Ngorongoro, Mary Leakey, mumewe Louis akiwa kitandani kwa homa, aliliona humo korongoni fuvu la kiumbe wa kale ambalo Louis alilipa jina Zinjanthropus boisei. Boisei ni taadhima kwa Charles Boise, mfadhili wa kazi ile. Ama Zinj, watu wa pwani twalifahamu, kwani ndilo Zanj ambalo al-Masudi na wanajiografia wengine wa Kiarabu waliipa pwani hii na watu wake, nalo limo hata leo ndani ya jina la Zanzibar. Sidhani kama al-Masudi angelitambua fuvu la bara kuwa katika jamaa aliowakusudia. Wataalamu baadaye wakaliingiza katika jamii ya Paranthropus: Zanj ikaondolewa, mfadhili akabaki.

Kiswahili hata hivyo hakikukosa fungu lake, kwani vituo vingi vya uchimbaji vilipewa majina yaishiayo kwa herufi K, nayo ni korongo. FLK, lilipookotwa fuvu lile, ni korongo la Frida Leakey, mke wa kwanza wa Louis. Na Mary, aliyeliokota, analo lake, MNK, lililobeba jina la Nicol alilokuwa nalo kabla ya kuolewa, ambamo mwaka 1963 yalipatikana mabaki ya Homo habilis.