Faili Linapohama

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Yamkini walikuwa wakimwasa mfanyabiashara. Lakini mimi niliyeutumia umri wangu wa kazi katika ualimu, na miaka kadhaa ya mwisho nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, nimeona kwamba methali hiyo inaihusu serikali kuliko duka. Mfanyabiashara asiyeandika hupoteza mali yake mwenyewe. Serikali isiyotunza maandishi yake hupoteza watu.

Nayasema haya kwa sababu siku hizi ofisi zetu za mikoa zinahama kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kompyuta. Wengi huuzungumzia uhamaji huu kana kwamba ni wa kwanza. La hasha. Maandishi ya mikoa yetu yamekwisha kuhama mara nyingi, na anayetaka kujua yatakayotupata huko tuendako hana budi kutazama yaliyotupata tulikotoka.

Tuanze na Wajerumani. Hao walikuwa watu wa karatasi, na kila boma lilikuwa na majalada yake ya ardhi, kodi na mashauri. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, makao ya serikali yao yaliondoka Dar es Salaam, yakaenda Morogoro, hatimaye Tabora. Majeshi ya Ubelgiji yalipoingia Tabora mwezi Septemba 1916, sehemu ya majalada hayo ilikuwa imefukiwa ardhini. Baada ya vita yakafukuliwa, na yaliyosalimika yametunzwa hadi leo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Mwaka 1973 orodha yake ilichapishwa kwa ushirikiano na wataalamu wa Ujerumani. Mengine hayakuonekana tena. Mtu aliyekuwa na haki iliyoandikwa ndani ya jalada lililopotea alibaki na maneno matupu mbele ya mtawala mpya.

Waingereza walituletea masijala kwa namna ambayo wengi wetu tuliikuta kazini. Ndugu msomaji uliye kijana huenda hukupata kuiona masijala ya mkoa ikifanya kazi barabara, kwa hiyo niieleze. Barua iliingia, ikapigwa muhuri wa tarehe, ikaandikwa katika rejista ya barua zinazoingia. Karani akatafuta faili lake kwa namba ya kumbukumbu, akaifunga ndani na kuipa namba ya folio. Faili likapelekwa kwa ofisa, naye akaandika dokezo kwa mkono, akatia sahihi na tarehe, akamwelekeza anayefuata kwa cheo chake. Likitoka masijala, mahali pake pakaachwa kadi ya kuonyesha limekwenda kwa nani. Ukilifungua baada ya miaka kumi, ungeweza kusoma nani aliomba, nani alishauri, nani alikataa na kwa sababu gani. Faili lilikuwa mazungumzo yaliyopangwa kwa tarehe, na hakuna aliyeweza kuyakana maneno yake.

Sisemi kwamba utaratibu huo ulikuwa mtakatifu. Ulitumika kumtawala mtu mweusi. Lakini tulipopata Uhuru mwaka 1961 tuliurithi, na mwaka 1965 tukatunga sheria yetu ya Nyaraka za Taifa. Chombo kilikuwa kizuri, kazi yake ndiyo iliyohitaji kubadilishwa.

Mimi nilianza kufundisha miaka ile ya mpango wa Madaraka Mikoani, ulioanza mwaka 1972. Halmashauri za wilaya zilivunjwa, kazi zake zikaingizwa chini ya wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya. Nia ilikuwa kuusogeza uamuzi karibu na wananchi. Pamoja na madaraka, yalihama mafaili. Miaka kumi haikupita vizuri, zikatungwa sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, na halmashauri zikarudi mwaka 1984. Mafaili yakahama tena. Mwaka 1997 ikaja Sheria ya Tawala za Mikoa, zikaundwa sekretarieti za mikoa zenye watumishi wachache, na kazi nyingi zikateremshwa kwenye halmashauri. Wakati huohuo mikoa yenyewe ilikuwa ikigawanywa. Manyara ilitoka Arusha mwaka 2002. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu zilizaliwa mwaka 2012, na Songwe ilikatwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ramani hugawanywa kwa kalamu kwa siku moja. Masijala haigawanyiki hivyo, maana lazima mtu aketi, afungue faili moja moja, aamue lipi linakwenda na lipi linabaki.

Hapo katikati, kati ya ofisi inayofungwa na ofisi inayofunguliwa, ndipo karatasi hupotea. Na anayepotea nazo ni mtu mdogo. Mkubwa hapotezi faili, maana nakala zake zimejaa kila mahali.

Nimeliona jambo hili kwa walimu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi, na ili kupata walimu wa kutosha, vijana wengi waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu wakiwa kazini vijijini. Barua zao za kwanza za ajira zilichapwa kwa taipu, nakala kwa karatasi ya kaboni, zikapelekwa kwa basi au kwa baiskeli. Vijana hao walipofikia umri wa kustaafu, mafao yao yalipigiwa hesabu kwa miezi ya utumishi. Bila barua ya kwanza, mwezi wa kwanza haujulikani.

Mwenzangu mmoja tuliyefundisha pamoja aliajiriwa katika mkoa mmoja, akahamishiwa mwingine, na huo wa pili baadaye ukagawanywa. Alipostaafu aliambiwa barua yake ya ajira haimo kwenye faili. Kila ofisi ilimwelekeza kwa nyingine, na nauli ikamla akiba yote. Aliyemwokoa ni mkewe, aliyekuwa ameihifadhi nakala ndani ya sanduku la bati, chini ya vitenge. Miaka yote ile ya kufundisha watoto wa taifa ilikuwa imesimama juu ya sanduku la mama yule.

Mwaka 2017 tuliliona tena kwa sura nyingine. Uhakiki wa vyeti ulitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Uhakiki ulikuwa wa haki, kwani mwenye cheti cha uongo huiba nafasi ya mwenye cha kweli. Hata hivyo baadhi ya waliokata rufaa walionekana wana vyeti halali. Wakati ule mimi nilikuwa nimeshastaafu, na wapo waliopiga hodi nyumbani kwangu wakitaka niwashuhudie kwamba walisoma chuoni. Niliwakumbuka wengine kwa sura na hata kwa viti walivyokalia. Lakini kumbukumbu ya mzee si hati. Niliwaelekeza kwenye rejista ya uandikishaji ya chuo, ile yenye jalada gumu, ambamo majina yao yalikuwa yameandikwa kwa wino.

Sasa tumefika kwenye kompyuta. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 ilikwisha kutambua kwamba kumbukumbu si karatasi peke yake. Wakala ya Serikali Mtandao ilianza kazi mwaka 2012, ikawa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019, nao mfumo wa Ofisi Mtandao umeingia katika taasisi za umma. Barua hupigwa picha, hupewa namba, hufika mezani kwa Katibu Tawala wa Mkoa kabla ya chai kupoa. Dokezo huandikwa kwenye kioo, na mfumo hutunza nani alifungua na saa ngapi. Naufurahia. Ungelikuwapo miaka ile, mwenzangu asingelizunguka na bahasha kwapani.

Ila mashine haimjui mtu, inajua alivyoandikwa. Faili la zamani lililopigwa picha bila kupewa jina sahihi limefukiwa upya, tena hapa hakuna jembe la kulifukulia. Mwalimu aliyeandikwa Athumani mwaka 1975 na Othman mwaka 1990 atakuwa watu wawili. Bosi anayempa karani nywila yake amempa sahihi yake. Na barua inayotumwa kwa simu kwenye kundi la maofisa, bila kupita masijala, haina folio popote. Aidha, mafaili ambayo zamu yake haijafika yanakaa stoo yakisubiri, na mchwa hawasubiri.

Kwa hiyo nawaomba wanaosimamia uhamaji huu wamheshimu mtunza kumbukumbu. Tabora, mji uleule uliofukiwa majalada mwaka 1916, baadaye ulikuwa na Chuo cha Uhazili, ambacho leo ni sehemu ya Chuo cha Utumishi wa Umma. Vijana wanaofundishwa kazi hii wasiwekwe chumba cha nyuma kisicho na dirisha huku fundi wa mitambo akipewa kiti cha mbele. Waanze kuhamisha mafaili ya wanaokaribia kustaafu, kisha ya wajane na yatima wanaodai mirathi, kisha ya mashamba yenye mashauri. Waraka wa asili usichomwe mpaka mwenyewe ameitwa, amesoma kilichoingizwa, na amekiri kwamba huyo ni yeye.

Nao walimu wenzangu walio kazini nawaambia jambo moja tu. Mfumo ni mzuri, uutumie. Na sanduku la bati usilitupe bado.